Kongamano la wasanidi programu lisilo na bosi: bili ya chai analipa nani?

Novemba 2023 Zanzibar ilipokea wageni ambao hawakufuata fukwe za Nungwi wala mashamba ya viungo, ingawa sidhani kama kuna aliyeondoka bila kuonja urojo. Walikuwa wasanidi wa programu za kompyuta, kutoka nchi mbalimbali za Afrika na wengine kutoka ng'ambo, na walikutana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kuanzia tarehe 6 hadi 11. Mkutano wao uliitwa DjangoCon Africa, wa kwanza wa jina hilo kufanyika barani. Agosti 2025 wakakutana tena, safari hii Arusha.

Arusha imezoea makongamano. Ina kituo kizima cha mikutano ya kimataifa, na mikutano mingi inayofanyika mjini hapo huja na wizara yake, itifaki yake na posho zake. Huu wa wasanidi haukuja na chochote kati ya hivyo. Haukuwa wa kampuni inayotaka kuuza simu mpya, haukuwa wa serikali, na kamati iliyouandaa ilikuwa ya watu wanaojitolea, wenye ajira zao kwingine. Kila ninaposikia habari za mkutano wa namna hiyo swali la kwanza kunijia ni la kishamba kidogo: chai ya saa nne analipa nani?

Kwa asiyeishi na mambo haya, Django ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao msanidi huutumia kama msingi wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python badala ya kuanza sifuri. Sisi wa magazeti tuna haki ya kujivunia kidogo hapa, kwa sababu ilizaliwa kwenye chumba cha habari. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakifanya kazi katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, ambako mhariri akitaka ukurasa mpya wa matokeo au matangazo aliutaka siku hiyohiyo. Walichokiandika ili waweze kukimbizana na saa za mhariri kiliachiwa umma bure mwaka 2005, kikapewa jina la Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz. Instagram ilijengwa juu yake. Jina leo linalindwa na taasisi isiyo ya faida, Django Software Foundation, na anayetaka kuandaa DjangoCon huomba ruhusa huko. Ruhusa akishaipata, ukumbi, tiketi na wali wa mchana ni mzigo wake mwenyewe.

Walipochoka na bei

Desturi hii ya wasanidi kujiandalia mikutano ina historia, na chanzo chake mara nyingi ni bei. Mwaka 1997 kampuni ya vitabu ya O'Reilly ilianzisha kongamano la watumiaji wa lugha ya Perl huko California. Lilikuwa zuri, na lilikuwa la watu wenye waajiri wa kuwalipia. Mwaka 1999 Kevin Lenzo, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, akaandaa la kwake chuoni hapo, kwa ada ndogo ambayo hata mwanafunzi angeimudu, akaliita kwa utani Yet Another Perl Conference, kwamba haya, limekuja jingine tena. Utani ule ukageuka mtandao wa makongamano katika mabara kadhaa.

Watu wa Python nao walifuata njia hiyohiyo. Mikutano yao ya awali ilikuwa imefikia kuendeshwa na kampuni ya kuandaa matukio, hotelini, kwa viingilio vya hotelini. Machi 2003 kundi la kujitolea chini ya Steve Holden likahamia Chuo Kikuu cha George Washington, mjini Washington, likapata watu wapatao 250. Hiyo ndiyo PyCon ya kwanza. Miaka kumi baadaye PyCon ya Marekani ilikuwa inaweka ukomo wa watu 2,500 na bado tiketi zinakwisha.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. FOSDEM, inayofanyika Brussels karibu na mwanzo wa Februari kila mwaka, haitozi kiingilio na haitaki hata ujiandikishe. Unaingia tu kwenye majengo ya chuo kikuu, unatafuta chumba unachokitaka, na ukikuta mlango umebandikwa karatasi kwamba kimejaa, unatafuta kingine. Maelfu huja. Gharama zinabebwa na wadhamini, michango na fulana.

Halafu ikaja korona. PyCon ya 2020 iliyokuwa ifanyike Pittsburgh ilifutwa. Machi mwaka huohuo O'Reilly ikatangaza kwamba inafunga kabisa idara yake ya makongamano ya ana kwa ana. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona hailipi, ikaondoka, na hilo ni haki yake. PyCon, ambayo haikuwa na mwenye hisa wa kumridhisha, ilirudi ukumbini mwaka 2022, Salt Lake City. Nadhani ulinganisho huo unaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini desturi hii ya kujiandalia mikutano ina maana.

Pamoja na hayo tusiupambe uhuru huu kupita kiasi. Chicago kulikuwa na kongamano dogo liitwalo C4, lililoanzishwa mwaka 2006 na Jonathan Rentzsch, maarufu kwa jina la Wolf, kwa ajili ya wasanidi wa kujitegemea wa kompyuta za Mac. Liliheshimika sana. Mwaka 2010 Apple ilibadilisha masharti ya mkataba wake na wasanidi wa iPhone. Kifungu cha 3.3.1 kikawa kinawapangia hadi lugha za kuandikia programu zao. Rentzsch aliona wenzake wanakubali kimyakimya, na Mei ya mwaka huo akatangaza kwamba hakutakuwa na C4 nyingine. Septemba Apple ikalegeza masharti yale. C4 haikurudi. Ukumbi ulikuwa wa Rentzsch, wasemaji aliwachagua yeye, lakini riziki ya kila aliyeketi mle ndani ilikuwa mkononi mwa kampuni moja iliyoko California, na uhuru wa kongamano haukuweza kuondoa utegemezi huo.

Hesabu inayomkosesha mwenyekiti usingizi

Sasa turudi kwenye chai. Tuchukue mfano wa kubuni, wa Dar es Salaam: watu 200, siku tatu. Tuseme chai ya asubuhi, chakula cha mchana na maji ni shilingi 35,000 kwa mtu kwa siku. Kwa siku tatu hiyo ni shilingi 105,000 kwa kichwa, na kwa vichwa 200 ni milioni 21. Wanafunzi 120 ukiwatoza 20,000 kila mmoja unapata milioni 2.4. Wenye ajira 60 kwa 100,000 wanaleta milioni 6. Ishirini waliobaki ni watoa mada na wasaidizi, wanaingia bure. Jumla ya tiketi ni milioni 8.4. Umepungukiwa milioni 12.6 na bado hujalipia ukumbi, projekta, mpiga video, intaneti wala nauli ya mtoa mada hata mmoja.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na udhamini, na ubaya wake ni kwamba halizibiki kwa wakati unaotakiwa. Ukumbi unataka kianzio miezi kadhaa kabla. Mpishi anataka idadi ya watu wiki mbili kabla. Tiketi, kwa upande mwingine, zinanunuliwa wiki ya mwisho, na nyingi siku tatu za mwisho, mshahara ukishatoka. Mdhamini anasema ndiyo mwezi wa tatu na fedha zinaingia mwezi wa tisa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaujua ugonjwa huu: daftari la ahadi limejaa, bahasha hazijafika, na mwenye ukumbi anapiga simu.

Marekani na Ulaya mtego wa fedha uko zaidi kwenye hoteli. Hoteli inakupa kumbi kwa bei nafuu kwa sharti kwamba wageni wako watajaza vyumba fulani na utanunua chakula cha kiasi fulani. Wasipojaza, tofauti unailipa wewe. Kamati iliyokadiria watu 500 ikapata 350 inaweza kumaliza kongamano zuri, lenye makofi, ikiwa na deni. Huku kwetu sharti la vyumba si kali kiasi hicho, ila tuna kigingi chetu: makaratasi. Meneja masoko wa benki anaweza kulipenda wazo lako ndani ya dakika kumi, kisha akakupeleka kwa watu wa manunuzi. Hao wanataka cheti cha usajili, namba ya TIN, ankara, akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye cheti, na risiti ya EFD. Kikundi cha vijana saba wenye shauku na namba ya M-Pesa ya mmoja wao hakina hata kimoja. Fedha ipo, ridhaa ipo, na hakuna mahali pa kuipokelea. Kwa maoni yangu hili limezuia makongamano mengi zaidi kuliko ukosefu wa wasanidi. Dawa yake si ngumu: kujisajili mwaka mzima kabla ya tukio, au kutafuta taasisi iliyokwisha kusajiliwa ikupokelee fedha kwa makubaliano ya maandishi. Taasisi ya Python, yaani Python Software Foundation, hufanya kazi hiyo ya kuwa mlezi wa kisheria wa vikundi kadhaa.

Juu ya nani alipe na nani asilipe kuna ubishi wa miaka. PyCon ya Marekani kwa muda mrefu ilishikilia kwamba kila mtu analipa, akiwemo mtoa mada, mwenyekiti wa kamati, hata Guido van Rossum aliyeibuni lugha yenyewe, na fedha ikitafutwa iwe ya kuwasaidia wasioweza. Hoja yake ni kwamba mkutano ni wa wote, hakuna mgeni na mwenyeji. Inapendeza, na kwa watu wenye mshahara wa Marekani inafanya kazi. Mtu wa Lilongwe aliyeandaa mada kwa wiki sita ukimwambia alipe kiingilio, nauli na chumba, umemfungia mlango kistaarabu. Kwetu kipaumbele cha kwanza cha kila shilingi ya udhamini, baada ya chakula, kinapaswa kuwa nauli ya watoa mada. Fulana zisubiri.

Na mdhamini ananunua nini? Meza ya kukaa mlangoni, nembo kwenye bango, tiketi kadhaa, nafasi ya kuzungumza na vijana anaotaka kuwaajiri. Hayo ni halali yake. Kinachopaswa kuwa mwiko ni kumuuzia mada kuu ya ufunguzi. Wasikilizaji hutambua tangazo la biashara ndani ya dakika tano, na mwaka unaofuata hawarudi. Nimeona mikutano ya teknolojia katika miji yetu ambako asubuhi nzima iliyeyuka kwenye hotuba za wadhamini, na yule binti aliyekuja kueleza jinsi alivyojenga mfumo wa kliniki akapewa dakika nane kabla ya chakula, MC akimwonyesha saa.

Kutangaza bila bajeti ya matangazo

Wengi wanadhani kulitangaza kongamano ni kutengeneza bango lenye picha za wasemaji na kulirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Bango hilo lina kazi yake, lakini linafika kwa watu waliokwisha kujua. Tangazo lenye nguvu kuliko yote ni mwito wa mada, na hutoka miezi mingi kabla.

Mwito ukiandikwa vizuri, kila anayeusoma hujiuliza: mimi nina nini cha kusema? Anayetuma pendekezo tayari ni mshiriki. Akikubaliwa atawaambia wenzake kazini, atabandika mtandaoni, atakuja na rafiki wawili. Akikataliwa kwa barua ya heshima yenye sababu, huenda akaja pia. Akikataliwa kwa ukimya, amekwisha, na atasema kwa watu. Ndiyo maana kamati makini hutenga watu wa kuwasaidia wanaoandika pendekezo kwa mara ya kwanza, kusoma rasimu zao na kuwaambia wapi pana ukungu. Baadhi huficha majina wakati wa kuchagua, ili pendekezo lipimwe kwa maneno yake na si kwa umaarufu wa mwandishi.

Njia nyingine iliyozaa matunda ni ya kuwafikia ambao hawajawa wasanidi kabisa. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa EuroPython mjini Berlin, Ola Sitarska na Ola Sendecka kutoka Poland waliandaa warsha kwa wanawake ambao hawajawahi kuandika msimbo. Waliiita Django Girls. Mafunzo yake yaliwekwa wazi kwa yeyote kuyatumia, na leo warsha hizo zimefanyika katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Kwa kongamano hii ni hesabu nzuri pia: anayeondoka kwenye warsha akiwa amejenga blogu yake ya kwanza kwa mikono yake anabaki kusikiliza mada kesho yake, na mwaka unaofuata anakuja na dada yake.

Ukumbi nao hutangaza. Watu wa DjangoCon ya Ulaya hukabidhiana kijiti kila mwaka, kundi la mji mmoja likipokea kutoka la mji mwingine, na kila kundi lina wazimu wake. Mwaka 2013 Warsaw walikutana ndani ya hema la sarakasi, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Mwaka uliofuata Wafaransa waliwapeleka kisiwani, Île des Embiez, karibu na Toulon. Yalikuwa makongamano madogo, na watu wanayasimulia hadi leo. Zanzibar katika orodha hiyo inakaa bila kujipenyeza. Jina lake tu linamfanya mtu wa Accra au wa Amsterdam aangalie kalenda.

Ila kisiwa kina bei yake. Anayetoka Afrika Magharibi kwenda Zanzibar mara nyingi hulazimika kuunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi, na nauli ya Waafrika kutembeleana wenyewe kwa wenyewe mara nyingine huzidi ya kwenda Ulaya. Kuna viza, kuna kadi ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zinazohusika, na tangu Oktoba 2024 mgeni asiye mkazi anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima ya dola 44. Kamati inayotangaza mkutano wa kimataifa bila ukurasa mmoja unaoeleza hayo yote kwa utaratibu, pamoja na namna ya kupata barua ya mwaliko, inajiandalia mvua ya simu za saa sita usiku. Tarehe pia zina siasa zake. Novemba ni msimu wa vuli, watalii wamepungua na vyumba hushuka bei, na hilo kwa mtazamo wangu ni bora kuliko kugombania vitanda Agosti. Ukipanga wiki ya mitihani ya vyuo, wanafunzi umewakosa. Ukiangukia Ramadhani kisiwani, hiyo chai ya saa nne tunayoijadili haitakuwapo.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha katika makongamano yanayofanyika kwetu, nalo ni lugha ya jukwaani. Mada hutolewa kwa Kiingereza, na hilo linaeleweka pale ambapo wageni ni wa nchi nyingi. Lakini PyCon ya Marekani yenyewe, tangu 2018, imekuwa na chumba cha mada za Kihispania, na chumba hicho hakikuipunguzia hadhi. Chumba kimoja cha Kiswahili, nusu siku tu, Arusha au Nairobi au Kampala, kingewavuta wasanidi wa kutoka Bukavu hadi Mombasa ambao wanajua kazi barabara na wanaogopa jukwaa. Hakigharimu zaidi ya projekta moja na ekstensheni mbili.

Na ekstensheni ni jambo zito. Watu 200 maana yake ni kompyuta mpakato 200 na simu zisizopungua hapo, na kumbi zetu nyingi zilijengwa kwa ajili ya watu wanaokuja na daftari. Saa tano asubuhi, chaji ikianza kuisha, utawaona wameacha viti wakakaa sakafuni kuzunguka soketi. Intaneti ni hivyohivyo: mwenye ukumbi atakuambia ipo, na ipo kweli, mpaka watu mia waipakue programu moja kwa wakati mmoja. Waandaaji wazoefu hujaribu mtandao wa ukumbi kabla ya kutia saini, huja na faili za warsha kwenye diski ndogo, na huwaomba washiriki wapakue kila kitu nyumbani. Bando la dharura linawekwa kwenye bajeti, na halijawahi kubaki.

Fedha ya mbali na maswali yake

Nyuma ya makongamano mengi ya Python barani kuna ruzuku ya Python Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo mapato yake kwa miaka mingi yametegemea sana PyCon ya Marekani na wadhamini wake. Namibia ilifanya PyCon yake ya kwanza mwaka 2015 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cardiff. PyCon Africa ikaanza Accra mwaka 2019. Bila misaada ya nje kutoka kwa jumuiya za kimataifa, mengi ya haya yangebaki kuwa mazungumzo ya kahawa.

Lakini msaada wa mbali huja na meza ya mbali. Ombi la ruzuku la DjangoCon Africa ya Zanzibar lilizua mjadala ndani ya bodi ya Python Software Foundation kuhusu usalama wa washiriki, kwa kuzingatia sheria za Tanzania juu ya mahusiano ya jinsia moja. Ruzuku ilitolewa hatimaye. Mwisho wa 2023 waandaaji wa jumuiya za Python barani waliandika barua ya wazi wakilalamikia ucheleweshaji na namna walivyohojiwa, kwa hisia kwamba kipimo kilichotumika kwao hakitumiki kwa wengine. Taasisi ilijibu hadharani, ikakiri kwamba mchakato wake ulihitaji kurekebishwa, na baadaye ikaweka vipindi vya wazi vya kila mwezi ambapo waombaji wangeweza kuuliza maswali moja kwa moja.

Mtu anaweza kuegemea upande wowote katika ubishi ule. Anayetoa fedha ana haki ya kuuliza zitatumikaje na nani atakuwa salama. Anayeandaa naye ana tarehe ya ukumbi isiyongoja kikao cha bodi iliyo ng'ambo ya Atlantiki. Kwangu mimi funzo lililo wazi zaidi ni la ratiba: kongamano ambalo fungu lake kubwa linaamuliwa na watu wasiokaa nawe halijitegemei, hata kama kila aliyemo kwenye kamati ni wa hapa. Agosti 2025, mwezi uleule wa mkutano wa Arusha, taasisi hiyo ilitangaza kusimamisha kwa muda programu yake ya ruzuku kwa sababu fungu lililotengwa kwa mwaka lilikuwa limefikia kikomo. Haikuwa chuki wala ubaguzi. Fedha ziliisha.

Wakati huohuo, programu huria ambazo wasanidi hawa wanazijadili na kuzirekebisha bure zinatumika ndani ya kampuni zetu kila siku. Mabenki ya Dar es Salaam na Nairobi, kampuni za simu, kampuni za bima, mashirika ya mabasi yanayouza tiketi kwa simu: ni vigumu kupata mfumo hata mmoja usiosimama juu ya msimbo wa namna hiyo. Vijana wanaowaajiri hujifunza kazi kwenye mikutano hiihii. Mashindano ya gofu hayakosi mdhamini, wala matembezi ya hisani. Milioni 12.6 za ule mfano wangu wa mwanzo, zikigawanywa kwa kampuni sita, ni milioni 2.1 kwa kila moja.

Kwa hiyo ombi langu ni la pande mbili. Wewe uliye kwenye idara ya teknolojia ya benki au kampuni ya simu, mwulize mkuu wako sasa, kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, kama kuna fungu la kongamano moja la wasanidi, na likiwepo lilipwe miezi sita kabla ya tukio. Na ninyi mnaoandaa, pelekeni ombi mapema, kwa barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, idadi ya watu, kiasi mnachotaka na mchanganuo wake. Namba ya TIN iwe juu kabisa.